Sungura wa kitoweo Dar es Salaam: uanze na wangapi, kwa nini vitoto hufa, na nyama ipikweje isikauke

Swali: Ninaishi Tabata. Nyuma ya nyumba nina nafasi ya mita 3 kwa 4 iliyozungushiwa ukuta, na ninataka kufuga sungura wa kula nyumbani. Tuko watu sita. Nimeshauriwa nianze na sungura kumi. Jirani yangu alijaribu, lakini vitoto vyake vilikuwa vinakufa vikifika mwezi na nusu, vingine vinahara, vingine vinakutwa asubuhi vimevimba tumbo. Na siku alipotuonjesha nyama, ilikuwa kavu, inakwama kooni. Nianzie wapi?

Jibu: Dada yangu, usianze na kumi. Anza na watatu, dume mmoja na majike wawili, na uanze kuhesabu kutoka jikoni. Jike hubeba mimba siku 31 hivi, hunyonyesha wiki tano, hupumzika wiki moja, kisha anapandishwa tena. Mzunguko huo ni siku 73 au 74, kwa hiyo kwa mwaka jike anaweza kuzaa mara tano. Kwa Dar es Salaam ninashauri mara nne tu, na sababu yake ni joto, nitaieleza hapa chini. Kila uzao ukikupa vitoto sita vinavyofika umri wa kuchinjwa, majike wawili watakupa sungura 48 kwa mwaka, karibu mmoja kila wiki. Sungura aliyelishwa vizuri huwa na kilo 2 hadi 2.3 akifika miezi minne, na ukishamchuna na kumtoa matumbo hubaki nusu yake au zaidi kidogo. Hiyo ni kilo moja na ushee ya nyama kila Jumapili. Kumi wa kuanzia wangejaza uwanja wako kabla hujajua hata jike mwenye mimba anashikwaje.

Kabla ya kununua chochote, pita serikali ya mtaa uulize habari za ufugaji ndani ya makazi, na uchukue namba ya afisa mifugo wa kata. Utamhitaji.

Banda: mpinzani wako wa kwanza ni joto

Sungura hatoi jasho kama sisi. Joto la mwili hulitoa kupitia masikio na pumzi, na akivikwa manyoya yale yote anajisikia vizuri kwenye nyuzi 15 hadi 25. Dar kuanzia Desemba hadi Machi mchana hufika nyuzi 31 hadi 33, tena hewa ina unyevu wa bahari. Hapo hula kidogo, vitoto hukua polepole, na majike wenye mimba kubwa wanaweza kufa mchana mmoja tu wa hewa iliyosimama. Dume huathirika kimyakimya: mbegu zake huharibika, na mbegu mpya nzuri huchukua kama miezi miwili kutengenezwa. Ndiyo maana watu wengi hupandisha Februari, dume anapanda vizuri kabisa, na jike hashiki mimba. Wanamlaumu jike, wanamchinja, kumbe kasoro ilikuwa kwa dume. Pandisha ili uzao wa mwisho wa mwaka uwe umeachishwa kunyonya kabla ya joto kali la Februari, kisha waache wapumzike. Kuanzia Aprili, kusi linapoanza kuvuma, endelea.

Jenga banda refu kuelekea mashariki na magharibi, ili jua la asubuhi na la jioni lipige kuta fupi tu. Pande mbili ndefu, ya kaskazini na ya kusini, ziache wazi zikiwa na wavu, maana upepo wa kaskazi na wa kusi ndio utakaokupozea banda bila gharama. Paa la makuti ni bora kuliko bati. Kama huna budi kuezeka bati, liinue angalau mita 2.5 kutoka chini, tandika makuti juu yake au weka dari ya mkeka chini yake, na uteremshe paa nje ya ukuta sentimita 60 ili mvua ya masika isilowanishe ndani. Ukuta wa uwanja wako utazuia upepo, kwa hiyo vizimba vikae kwenye miguu ya mita moja, na visigusane na ukuta.

Kwa nafasi yako, panga vizimba kwa safu mbili zinazotazamana, na njia ya mita moja katikati. Safu ya kwanza iwe na vizimba viwili vya majike, kila kimoja sentimita 90 kwa 60, kimoja cha dume cha 75 kwa 60, na kimoja cha vijana cha 120 kwa 60. Jumla yake ni mita 3.75, inaingia kwenye upande wako wa mita 4. Safu ya pili ni vizimba viwili vingine vya vijana. Urefu wa kwenda juu ni sentimita 45 hadi 50. Usipange ghorofa. Wanaouza vizimba vya ghorofa tatu wanasifia kubana nafasi, lakini wa chini huvuta harufu ya mkojo wa wa juu usiku kucha, na mafua huanzia hapo.

Sakafu ndiyo sehemu ya kutumia pesa. Nunua wavu wa chuma uliochomelewa, ule mafundi wanaouita weldimeshi, wenye matundu ya sentimita 1.2 kwa 2.5. Tundu likiwa kubwa kuliko hapo, miguu ya vitoto huzama na kuvunjika, na likiwa dogo, kinyesi hakipiti. Wavu mwembamba wa kuku haufai kabisa kwa sakafu: unabonyea, unakata nyayo, na sungura huutafuna. Katika kila kizimba weka kipande cha ubao cha sentimita 25 kwa 30 cha kupumzishia miguu, ukitoe kila wiki ukisugue na kukianika juani. Sungura mzito asiye na ubao huo hupata vidonda vya nyayo, na akishapata haponi upesi.

Miguu ya vizimba isimame ndani ya makopo yenye oili chafu. Siafu wakipanda usiku, watamaliza vitoto vyote vya kiota kimoja kabla ya adhana ya alfajiri. Panya, paka, kenge na nyoka nao ni wageni wa kawaida wa nyua za Dar, kwa hiyo wavu wa kuta usiwe na tundu linalopitisha kidole gumba.

Siku za joto kali weka chupa ya maji yaliyogandishwa ndani ya kizimba, sungura atajilaza kandokando yake. Ukimkuta anahema mdomo wazi, amejinyoosha na pua imelowa, mpeleke kivulini penye upepo na umpake masikio maji ya kawaida ya bomba. Usimtumbukize kwenye maji ya barafu, mshtuko wake utammaliza.

Kununua

Tafuta sungura wa aina ya New Zealand White, California au chotara wao, wenye miezi mitatu hadi minne, kwa mfugaji atakayekuonyesha na mama yao. Dume mnunue kwa mfugaji mwingine ili wasiwe ndugu. Kabla ya kutoa pesa, angalia ndani ya masikio: magamba ya kahawia yaliyoganda ni ukurutu. Angalia upande wa ndani wa miguu ya mbele: manyoya yaliyoshikana yamefuta kamasi, na huyo ana mafua hata kama muuzaji amemsafisha pua. Meno ya mbele yakutane sawasawa, nyayo ziwe na manyoya, na sehemu ya haja iwe safi. Usimbebe kwa masikio. Shika ngozi ya mabegani kwa mkono mmoja na utegemeze makalio kwa mwingine, maana akipiga teke akiwa ananing'inia, uti wa mgongo unavunjika.

Kwa nini vitoto vya jirani yako vilikufa

Hapa ndipo wafugaji wengi hukata tamaa, na ninataka ulielewe jambo hili vizuri. Sungura humeng'enya nyasi kwa msaada wa vijidudu vinavyoishi katika mfuko mkubwa mwanzoni mwa utumbo mpana. Kile kinyesi laini, chenye kung'aa, kilichoshikana kama kichala cha zabibu, anachokila moja kwa moja kutoka nyuma yake usiku au alfajiri, si ugonjwa. Ni chakula kilichochachushwa na vijidudu hivyo, kina protini na vitamini, na lazima akile.

Kitoto cha wiki tano hadi nane kinatoka kwenye maziwa kuingia kwenye nyasi, na vijidudu vyake bado havijatulia. Ukikiachisha ghafla, ukakihamishia kizimba kigeni, ukabadilisha chakula siku hiyohiyo na kukipa mchicha uliolowa umande, vitu vinne vimebadilika kwa pamoja. Chakula kinachacha vibaya, gesi inajaa, na asubuhi unakikuta kimekufa tumbo likiwa ngoma. Ugali, mkate, wali na pumba laini nyingi huleta balaa hilohilo, kwa sababu ya wanga.

Muuaji wa pili ni koksidia, kimelea cha utumbo kinachotoka na kinyesi. Joto na unyevu wa hapa kwetu hukikomaza kwa siku moja hadi tatu tu, kisha humezwa tena na chakula kilichochafuka. Dalili zake ni tofauti na za gesi. Kitoto hudhoofika kwa siku kadhaa, manyoya husimama, mgongo huwa na mifupa huku tumbo limetokeza, na nyuma hulowa kuhara. Dawa za klorini za kusafishia nyumba hazikiui. Kinachokiua ni maji yanayochemka na jua kali la kukausha. Zoa kinyesi kila siku chini ya vizimba, na vyombo vya chakula uvitundike ukutani, visikae sakafuni.

Kwa hiyo fanya hivi. Siku ya kuachisha mtoe mama, vitoto vibaki kwenye kizimba wanachokijua wiki nzima. Chakula kisibadilike, ukilazimika kubadilisha, changanya kidogokidogo kwa siku 7 hadi 10. Hadi wiki ya nane wape nyasi kavu muda wote na majani mabichi kidogo sana, yaliyonyauka. Kitoto kikianza kuhara, ondoa majani na pumba kwa siku moja au mbili, bakiza nyasi kavu na maji safi. Ukiona dalili za koksidia, zipo dawa zenye amprolium zinazouzwa kwa ajili ya kuku na hutumika pia kwa sungura. Kipimo akupe afisa mifugo kulingana na nguvu ya dawa iliyoandikwa kwenye pakiti.

Kuna dawa ambazo ninakuomba usiziingize mdomoni mwa sungura hata kidogo: amoksilini, ampisilini, penisilini ya kunywa na linkomaisini. Zinaua vile vijidudu vyema na sungura hufa kwa kuhara siku chache baadaye, huku mwenyewe ukidhani ugonjwa ulikuwa mkali. Usiwape pia chakula cha kuku wa nyama. Baadhi ya vyakula hivyo vimetiwa dawa ya koksidia kama narasini, ambayo kwa sungura ni sumu.

Ukurutu wa masikio hutibiwa kwa sindano ya ivermectin chini ya ngozi, ikirudiwa baada ya siku 10 hadi 14. Ile ya asilimia 1 sungura wa kilo mbili na nusu huhitaji chini ya sehemu moja ya kumi ya mililita, ndiyo maana nasema achome anayejua. Uliza siku za kusubiri kabla ya kuchinja, na uziandike kwenye kadi ya kizimba.

Chakula cha kila siku

Nyasi ziwe zaidi ya nusu ya anachokula, na ziwepo usiku, kwa sababu sungura hula zaidi baada ya jua kutua. Ukoka, mabingobingo machanga, majani ya mahindi, matembele, mchunga na kishonanguo vyote vinafaa. Kata leo, tandaza kivulini, wape kesho. Usikate kandokando ya mito inayopokea maji machafu kama Msimbazi, wala kwenye vichochoro vya mbwa: mbwa huacha mayai ya minyoo ambayo hugeuka malengelenge tumboni mwa sungura. Masalio ya mboga za sokoni yaoshwe kwanza, maana hujui yalipuliziwa nini na lini.

Majani ya parachichi ni sumu kwao. Vivyo hivyo mnyonyo, na majani ya nyanya na viazi mviringo. Kisamvu kibichi kina sumu ya sianidi, kiache. Lukina ni nzuri kwa protini, lakini isizidi konzi moja kwa siku. Kabichi nyingi huleta gesi.

Peleti za sungura, yaani chakula cha kiwandani cha punje, zikipatikana dukani, mkubwa mmoja anatosheka na gramu 100 hadi 150 kwa siku. Zisipopatikana, changanya pumba za mahindi sehemu 5, pumba za ngano sehemu 3 na mashudu ya alizeti sehemu 2, kisha chumvi kijiko cha chakula kimoja kwa kila kilo 5. Mchanganyiko huo una protini ya asilimia 15 hivi. Nyunyizia maji kidogo usitoe vumbi, na baada ya saa tatu ondoa mabaki, kwa sababu unga uliolowa hapa Dar unaota ukungu upesi. Pumba zenye harufu ya uvundo zitupe zote, sumukuvu haiondoki kwa kuanikwa. Jike anayenyonyesha usimpimie. Ale mpaka aache.

Maji ni muhimu kuliko vyote hivyo. Mkubwa hunywa robo hadi nusu lita kwa siku, na jike mwenye vitoto anaweza kumaliza lita nzima na zaidi. Maji ya kisima yenye chumvi hawayapendi, hivyo hunywa kidogo na maziwa hupungua. Wape yale mnayokunywa wenyewe, na chupa zao zisipigwe na jua.

Kupandisha na kuzaa

Jike awe na miezi mitano na nusu hadi sita, dume sita hadi saba. Mpeleke jike kwa dume, asubuhi mapema au jioni. Ukifanya kinyume, jike atalinda makazi yake na kumng'ata dume. Dume akimaliza huanguka ubavu, wakati mwingine na sauti. Yai la sungura hutoka kama saa kumi baada ya kupandwa, kwa hiyo kumrudisha jike kwa dume saa 8 hadi 10 baadaye huongeza vitoto. Siku ya 12 hadi 14 papasa tumbo kwa vidole taratibu. Mimba utaisikia kama punje za mviringo zilizopangana, laini kuliko kinyesi.

Siku ya 28 weka sanduku la kuzalia la sentimita 45 kwa 30, kina 30, mlango wenye kizingiti cha sentimita 15 ili kitoto kilichong'ang'ania chuchu kisiburutwe nje. Chini toboa matundu, jaza maranda makavu na nyasi. Jike atanyofoa manyoya yake kuyaongezea. Akishazaa, mpe nyasi nzuri za kumshughulisha, hesabu vitoto, toa vilivyokufa. Hunyonyesha mara moja tu kwa siku, dakika chache, mara nyingi alfajiri, basi usiseme amevitelekeza kwa sababu hukumwona. Tumbo la kitoto likiwa la mviringo na limejaa, amenyonya. Jike hula watoto wake akikosa maji usiku wa kuzaa, akisumbuliwa na kelele, au kwa woga wa uzao wa kwanza. Akifanya hivyo katika uzao wa pili na wa tatu wakati maji yapo, huyo ni wa sufuria.

Wakifika wiki ya 12 madume vijana huanza kupigana na kupanda dada zao. Anza kula madume.

Kuchinja

Mnyime chakula kuanzia usiku wa kuamkia siku ya kuchinja, maji yabaki. Tumia kisu kikali sana, mkato mmoja wa mbele ya shingo, akiwa ameshikwa na mtu wa pili, mbali na wenzake. Mning'inize kwa miguu ya nyuma damu itoke yote. Kata ngozi kuzunguka viungo vya miguu, pasua kati ya mapaja, kisha ivute yote kuelekea kichwani, inavuka bila kisu. Ukifungua tumbo, ingiza ncha ya kisu juujuu, na uanze kutoa kibofu na nyongo bila kuvipasua. Bakiza ini, figo na moyo. Ini lenye vidoadoa vyeupe vilivyoinuka lina koksidia: litupe. Nyama ya mnyama aliyekuwa mnene na mwenye afya inalika. Malengelenge ya maji yaliyoshikilia utumbo yatupe pamoja na utumbo, na usimpe mbwa, vinginevyo mzunguko wa minyoo utaendelea.

Jambo moja la ujirani: kabla ya kumpelekea mtu bakuli, uliza. Kwa Waislamu wa Kisuni sungura ni halali akichinjwa inavyopasa, lakini Mashia Ithnaashari hawamli, na Wasabato pia hawamli.

Sasa sehemu ambayo jirani yako huenda aliiruka. Misuli hukaza saa chache baada ya kuchinja, na nyama ikiingia jikoni wakati huo itakuwa ngumu hata uipike vipi. Isuuze, ichuruze, ifunike, na iache kwenye friji usiku mzima. Kama huna friji, tumia deli lenye barafu ya kutosha.

Jikoni

Nyama ya sungura haina mafuta ya kuilinda. Wengi huichemsha kwa moto mkali saa nzima, kisha huikaanga, kama wafanyavyo kuku wa kienyeji. Mgongo, ambao ni nyama laini, unakuwa umekauka kabla miguu haijaiva. Basi kata vipande: mapaja mawili ya nyuma, mikono miwili, mgongo mara tatu, mbavu mara mbili. Mapaja na mikono huingia sufuriani kwanza, mgongo hufuata dakika 20 baadaye.

Mchuzi wa nazi ndio ninaoupendekeza kwa uzao wako wa kwanza, kwa sababu tui huipa nyama mafuta inayoyakosa. Kwa sungura wa kilo moja na ushee tayarisha nazi mbili zilizokomaa, vitunguu maji 2, nyanya kubwa 3, vitunguu saumu punje 6, tangawizi kipande cha kidole gumba, bizari ya manjano kijiko cha chai kimoja, bizari nyembamba nusu kijiko, ndimu moja, pilipili mbuzi moja nzima, mafuta vijiko vya chakula 3, na chumvi kijiko cha chai kimoja na nusu. Kamua kasimile kikombe kimoja, uweke kando, kisha tui jepesi vikombe vitatu.

Paka nyama saumu, tangawizi, nusu ya chumvi na nusu ndimu, ikae nusu saa. Usiilaze na ndimu usiku kucha, asidi huifanya iwe kama imepikwa na hukauka zaidi. Geuza vipande kwenye mafuta ya moto mpaka vipate rangi, dakika tatu kila upande, vitoe. Kaanga vitunguu kwenye mafuta hayohayo mpaka vilainike, tia bizari zote mbili, koroga nusu dakika, tia nyanya na uziache ziive mpaka mafuta yajitenge. Rudisha mapaja, mikono na mbavu, mimina tui jepesi, tia chumvi iliyobaki, dondosha pilipili nzima, funika, na upunguze mkaa. Mchuzi uwe unatokota polepole tu. Baada ya dakika 20 ongeza mgongo, na baada ya dakika 25 hadi 30 nyingine choma paja kwa ncha ya kisu karibu na mfupa: maji yakitoka meupe na nyama inaachia, imeiva. Hapo tia kasimile, koroga upande mmoja bila kuacha kwa dakika tano, bila kufunika, lisije likakatika. Malizia na ndimu iliyobaki. Ini kaanga peke yake dakika mbili kila upande, uliweke juu wakati wa kupakua, maana likikaa kwenye mchuzi huwa gumu.

Wa kuchoma awe na umri usiozidi miezi minne. Ulaze saa tatu kwenye mtindi kikombe kimoja, saumu, tangawizi, pilipili manga na mafuta vijiko 3. Chemsha kwanza kwa mvuke na maji kidogo, sufuria imefunikwa, dakika 20, kisha weka kwenye makaa yaliyopoa kiasi na upake kasimile kila ukigeuza, dakika 15 hivi.

Jike mzee unayemstaafisha usimchome wala usimkaange. Huyo ni wa pilau: mchemshe vipande vyote pamoja na tangawizi, kitunguu na mdalasini kwa moto mdogo saa moja na nusu hadi mbili, nyama ikianza kuachia mfupa itoe, na supu yake ndiyo ipikie mchele, vikombe viwili vya supu kwa kikombe kimoja cha mchele wa kawaida. Nyama irudishe juu ya wali dakika kumi za mwisho, wakati wa kupalia.